Rumba ya Kikongo Brussels: bendi safi, fundi mitambo balaa

Bendi haina kosa. Magitaa matatu, besi, drams, waimbaji wanne na rapa, yule ambaye Wakongo wanamwita atalaku. Uozo wote ulikuwa nyuma ya ukumbi, mezani kwa fundi mitambo. Na ukumbi wenyewe hauko mbali na Matonge, mtaa wa Wakongo uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa! Bendi ya African Jazz ya Kabasele ilipiga Brussels tangu 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, halafu leo unamkuta mezani mtu ambaye sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanachangamka na watu wanacheza, kwake ni kelele za mwisho wa wimbo.

Maikrofoni zote za sauti kaziwekea geti. Kazi ya geti ni kuzima maikrofoni sauti ikishuka chini ya kiwango fulani na kuifungua ikipanda. Kwa mwimbaji wa roki anayefoka mbele ya drams, hewala. Kwa atalaku ni kumkaba koo, maana mkononi ana manyanga, ambayo kwa desturi ni kopo tupu la dawa ya wadudu lililotiwa punje, na mlio wake unapita kwenye maikrofoni ileile anayoitia. Akiita, geti linafunguka. Akinyamaza, linafunga na manyanga yanakatwa katikati ya pigo: cha-cha, kimya, cha, kimya. Dakika ishirini nzima hivyo. Dawa yake ni kubonyeza kitufe kimoja tu, au kuyapa manyanga maikrofoni yake.

Kisha monita, zile spika za jukwaani ambazo wanamuziki wanajisikilizia. Atalaku kafanywa mwitikiaji: kashushwa, kamwagiwa mwangwi, na kwenye monita ya mpiga drams hayumo kabisa. Huyu si wa kupamba. Tangu bendi ya Zaïko Langa Langa ya Kinshasa walipomleta mbele miaka ya 1980, mwito wake ndio unaowaambia wacheza shoo na wapigaji kwamba tunabadilisha. Kwenye wimbo wa tatu kaita, magitaa yakahama, drams na besi zikabaki palepale. Wenyeji vitini wakapiga makofi wakidhani ni ufundi.

Magitaa nayo yalipona kwa shida. Ridhimu inashika kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) chini, mi-solo, gitaa la kati, inarudiarudia kifungu kifupi katikati, solo inajibu juu. Hayo matatu ni mazungumzo, mmoja akinyamazishwa waliobaki wanaonekana wendawazimu. Fundi kasikia neno solo, kampandisha huyo na kuwazika wenzake, basi solo ikabaki kama mwanafunzi anayefanya mazoezi ya skeli. Mi-solo ilitakiwa ilingane na solo kwa sauti, moja spika za kushoto na nyingine za kulia, ridhimu katikati, na uzito wa chini wa magitaa yote ukatwe kuanzia kama Hz 120 kushuka, besi ipate pa kupumulia. Yeye kayarundika yote katikati na besi juu yake. Uji mtupu.

Wakati wa mapumziko nilimfuata, kwa adabu kabisa, nikamwomba azime geti la rapa. Hakugeuza hata shingo. Akasema muziki huu wote ni uleule, na wateja wake hawajalalamika. Wateja wake! Wakati huohuo mlinzi wa ukumbi alikuwa akimrudisha kitini mama mmoja aliyetaka kumtuza mwimbaji noti kwenye paji la uso, eti jukwaa haliguswi. Nyota moja, nikasema, na hiyo moja ni ya bendi.

Sasa hapa ndipo ninapojikanganya. Kipindi cha pili mpiga mi-solo aliivuta amplifaya yake mwenyewe hadi ukingoni mwa jukwaa, akaigeuzia watu na kuifungua. Wa solo akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Atalaku akauacha mkono wa manyanga mbali na mdomo, akasogea karibu na maikrofoni ya juu ya drams, na ile haikuwa na geti. Ghafla sebene ikakaa sawa, bila ruhusa ya mtu yeyote. Viti vikaachwa, na yule mama akatuza mara tatu. Fundi akabaki akivuta vitufe vya sauti ambayo haikuwa tena mikononi mwake. Raha niliyoipata hapo sijui niipe nyota ngapi, na ukumbi haustahili hata nusu yake.

Nyota tatu basi. Hapana, mbili. Ukienda, usikae katikati wanakouza tiketi ghali, kule ndiko uji unakomwagwa. Kaa mbele kushoto, hatua tatu kutoka amplifaya ya mi-solo.