Trekta mpya ilifika Bweyale jioni, sikuikubali kabla ya kuikagua asubuhi

Lori lilifika saa kumi na moja jioni, mwisho wa Februari 2025, mawingu yamefunga upande wa Karuma. Dereva alishuka na karatasi mkononi, akanisalimu kwa heshima, akasema, "Mzee, tia sahihi hapa niishushe. Nataka kuvuka mto Kafu kabla ya giza."

Pesa za trekta ile hazikuwa zangu peke yangu. Tuko wakulima 12, na kuna waliouza ng'ombe ili fungu lao litimie. Mvua za Machi zilikuwa zinabisha hodi na kila mtu alitaka kuona shamba linalimwa. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu: haraka ya siku ile, yao na yetu, ingetugharimu sana.

Karatasi ilisema mashine "imepokelewa ikiwa katika hali nzuri". Nilimpigia mwuzaji Kampala, akanijibu kwamba kutia sahihi ni utaratibu tu. Nikamwambia kwamba Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inampa mnunuzi nafasi ya kukagua mali kabla ya kuhesabiwa kwamba ameikubali. Tulikubaliana niandike kwa mkono "imeshushwa, haijakaguliwa", tarehe na saa, kisha mimi na dereva tutie sahihi nakala zote mbili. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotuokoa.

Kabla ya minyororo kufunguliwa, mpwa wangu ambaye ni fundi alipanda juu ya lori na simu, akapiga picha kila pembe. Aliponiita nilidhani ni rangi iliyochubuka. "Mjomba, tazama huu mnyororo ulipopita." Walikuwa wameufungia kwenye tairodi, ule ufito unaounganisha magurudumu ya mbele, na barabara ya kutoka Kampala ikafanya kazi yake. Kwa macho ulionekana umenyooka. Picha zilipigwa mnyororo ukiwa bado umekaza, ili mtu asije akasema tuliupinda sisi shambani.

Hatuna jukwaa la kushushia, kwa hiyo lori lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya ghala, tukaweka mbao nene, trekta ikashuka yenyewe. Mvua ikaanza. Dereva alikubali kulala kwetu, akala posho na maharage pamoja na watoto. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa anasukumwa na ratiba ya watu wengine.

Kulala kwake kulitusaidia kwa jambo ambalo wengi hawalijali: injini ilikuwa baridi kabisa asubuhi. Injini iliyokwisha kupata moto huwaka vizuri hata kama ina shida. Mpwa wangu aliweka kiganja juu yake kwanza, akapima oili, maji ya rejeta na oili ya haidroliki, ile inayonyanyua plau, ndipo akawasha. Iliwaka mara moja. Moshi mweupe kidogo ukatoka, ukaisha ilipopata joto. Moshi wa bluu usioisha ungetufanya tuirudishe palepale, kwa sababu huo ni oili inayoungua. Mita inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi ilisoma saa 4 tu, kiasi kinachofaa kwa mashine mpya.

Tairodi tuliipima kwa futi. Unapima umbali kati ya matairi mawili ya mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, halafu unapima upande wa nyuma wa matairi hayohayo. Kwenye trekta yetu kitabu kinataka mbele pawe pembamba kwa milimita chache. Sisi tulikuta mbele pamepanuka kuliko nyuma kwa karibu sentimita 2. Ukilima hivyo, usukani unakuwa mzito na matairi yanalika kama yamepigwa tupa, na miezi sita baadaye utaambiwa ni uendeshaji wako.

Kilichonishtua zaidi ni kitu kidogo kuliko tairodi. Kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini kuna klipu ya chuma. Mpwa wangu alishika mpira ule kwa vidole viwili ukazunguka. Klipu haikuwa imekazwa. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Hewa inatakiwa ipite kwenye chujio ndipo iingie kwenye injini. Mpira ukilegea baada ya chujio, vumbi linanyonywa moja kwa moja ndani, na vumbi letu la kiangazi ni kama unga wa msasa. Linakula silinda na ringi kimyakimya. Trekta ingelima vizuri msimu wa kwanza, wa pili ingeanza kula oili, na fundi wa kampuni akifungua angekuta mchanga na kuandika kwamba hatusafishi chujio. Dhamana ingeishia hapo. Kukaza klipu ile kulichukua sekunde chache kwa bisibisi, lakini tuliiandika kwenye karatasi vilevile.

Tuliiacha injini ikifanya kazi dakika 40, tukaifungia mashine ya kupukuchua mahindi ili mhimili wa nyuma unaozungusha mashine nyingine, ule wa PTO, uzunguke mara 540 kwa dakika ukiwa na mzigo. Usikague uvujaji kwenye mashine baridi, utadanganyika. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, ndipo sili mbovu, ule mpira unaozuia oili isitoke, inapojionyesha. Tulitandaza gunia jeupe chini, na baada ya nusu saa pakawa na madoa matatu chini ya PTO.

Haidroliki ilikuwa sawa. Tulifunga plau ya diski tatu, tukainyanyua, tukazima injini na kuweka alama ya chaki kwenye mti uliosimamishwa kando. Dakika kumi haikushuka hata unene wa kidole. Diski tulizizungusha kwa mkono. Moja ilikwaruza, ikahitaji grisi tu.

Matairi ya nyuma yana tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. La kulia lilisomeka 2224. La kushoto lilisomeka 0820. Yaani tulilipia mashine mpya, tukapewa tairi moja lililokaa miaka mitano mahali fulani. Mwisho tukalinganisha namba ya injini na ankara, tukakuta 3 imeandikwa 8. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo, lakini siku ya kudai dhamana, namba isiyolingana ni sababu tosha ya kukukatalia.

Dereva alisimama nasi muda wote na akatia sahihi orodha ya kasoro kwenye nakala zote mbili bila kubisha. Tulimfungia chakula cha njiani.

Sasa kuhusu wauzaji wenyewe, niwatendee haki. Walileta tairodi mpya siku ya sita. Walitaka kwanza kuinyoosha ya zamani, tukakataa, kwa kuwa chuma cha usukani kilichopinda na kunyooshwa siwezi kumpandisha juu yake kijana wa mtu. Fundi wao alibadilisha sili ya PTO kwa usafi na akatuachia ya akiba. Ankara ilisahihishwa. Tairi ndilo lililoleta mvutano, wiki tatu za simu. Nadhani jipya lilikuja kwa sababu moja: katika mkataba tulibakiza asilimia 10 ya bei, ya kulipwa baada ya ukaguzi. Kikundi kinachoulipa mzigo wote kabla haujafika kinabaki na kuomba tu.

Trekta yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Ina nguvu, haili mafuta ovyo, na gia zake ni laini. Huduma ya matengenezo nne pia, hata ile ya saa 50 za kwanza walikuja kuifanya hapahapa Bweyale. Ufikishaji wa mzigo naupa mbili, na ningeupa moja kama si ungwana wa yule dereva.

Leo mita inasoma saa 212 na chini ya PTO pakavu. Trela tumeiagiza kwa haohao. Kwenye oda nimeandika lori lifike kabla ya saa nne asubuhi, na mnyororo usiguse ekseli wala breki.