Gesi ya kununulia AC ya gari la zamani: R-134a kwanza, na zile za kuacha dukani

AC ya gari la zamani ikiacha kupoza na ukataka kununua gesi, jibu fupi ni R-134a tupu, isiyochanganywa na kitu, pamoja na draya mpya (kikopo cha kukaushia unyevu ndani ya mfumo) na oili inayoendana nayo. Nyingine nazipanga chini yake kwa kipimo kimoja: baada ya miaka mitatu, fundi asiyekujua ataweza kuunganisha mashine yake, akaitambua gesi iliyomo, akaitoa na kujaza tena? Gesi inayoshindwa hapo, hata ikipoza vizuri namna gani, itakusumbua siku utakapohitaji matengenezo.

Kwanza jua gari lina gesi gani

Fungua boneti utafute stika ya AC. Huandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu au kilo. Stika ikiwa imechanika, angalia midomo ya kujazia gesi. Midomo yenye nyuzi za kufunga kama nati ni ya R-12, gesi ya magari ya zamani kabla ya R-134a. Midomo minene ya kubana na kuachia, ule wa presha kubwa ukiwa mpana kuliko ule wa presha ndogo, ni ya R-134a. Magari mengi yaliyotoka kiwandani baada ya 1995 yana R-134a. Kama lako ni mojawapo, hakuna cha kubadilisha: tafuta linapovuja, ziba, jaza gesi ileile. Muuzaji akikushawishi kuchukua gesi "mbadala wa R-134a yenye baridi zaidi", soma kuhusu gesi zinazowaka hapa chini kabla hujatoa pochi.

Midomo nayo hudanganya. Gari lenye umri wa miaka thelathini limepita mikono mingi, na mtu anaweza kuwa amefunga adapta za R-134a bila kugusa kingine chochote. Mwombe fundi apime kwa kifaa cha kutambua gesi kabla ya kuitoa. R-12 na R-134a zikichanganyika, presha hupanda kuliko ya kila moja ikiwa peke yake, na mashine ya kutolea gesi inayojali usafi wa tangi lake itaukataa mchanganyiko huo.

Nafasi ya kwanza: R-134a

R-12 ilikomeshwa kwa sababu klorini yake inaharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha kufikia mwanzo wa 1996, na nchi zinazoendelea kufikia 2010. Viwanda vya magari viliichagua R-134a kuwa mrithi wake, ndiyo maana leo vifaa, oili, geji na ujuzi wake vimeenea kila mahali. Hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza. Haiwaki katika hali ya kawaida ya matumizi na haigusi ozoni, ingawa inachangia joto la dunia mara elfu moja na mia kadhaa kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule.

Kasoro yake huonekana kwenye joto. Kondensa (ile kama rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi nje) ikiwa kwenye nyuzi 50 za Selsiasi, presha ya R-12 ni kama psi 160 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji) na ya R-134a kama psi 175. Kwenye nyuzi 60 ni kama 205 dhidi ya 230. Kadiri joto linavyopanda ndivyo pengo linavyopanuka. Ukiwa barabarani na upepo unapita hutaona tofauti kubwa, lakini ukikwama kwenye foleni mchana wa jua kali, kondensa ya kizamani ya bomba moja lililojikunjakunja inashindwa kutoa joto, na hewa ya ndani inaanza kuwa vuguvugu. Anayelalamika kwamba R-134a "haipozi kama ile ya zamani" mara nyingi analalamikia kondensa. Ukiwa na fedha ya kuongeza kitu kimoja tu juu ya gesi na draya, nunua kondensa ya mabomba sambamba inayoingia mahali pa ile ya zamani. Kama hiyo ni ghali, hakikisha feni inavuta sawasawa na mapezi ya kondensa hayajazibwa na tope na wadudu. Hapo ndipo ningemwaga hela kabla ya kufikiria gesi ya ajabu.

Vitu vya kununua pamoja na gesi havina mjadala. Draya ya zamani itoke, kwa sababu chembe zake za kukaushia zilitengenezwa kwa ajili ya R-12 na kwa vyovyote zimeshajaa unyevu. Oringi (pete za mpira za kwenye maungio) zote utakazofungua zibadilishwe kwa zile za mpira wa HNBR, ambazo mara nyingi ni za kijani. Adapta za midomo zifungwe na ziachwe hapohapo. Kama mfumo hauna swichi ya kuzima kompresa (pampu ya gesi) presha ikizidi, iwekwe. Hozi za zamani zilizokwisha kulowa oili kwa ndani mara nyingi huizuia R-134a vizuri, hivyo usikubali kuuziwa seti nzima kwa hofu tu. Badilisha iliyopasuka au inayotoa jasho la oili kwenye maungio.

Oili ndiyo inayowaponza wengi. R-12 ilisafiri na oili ya madini. R-134a haiibebi oili hiyo, kwa hiyo inabaki imetulia kwenye kondensa na evapureta (sehemu inayopoza hewa ya ndani) huku kompresa ikizunguka kavu. AC hupoza vizuri mwanzoni, halafu kompresa inaanza kelele, inakwama, na kumwaga chembe za chuma mfumo mzima. Ukibadilisha gari la R-12, chukua oili ya esta, maana inavumilia mabaki ya oili ya madini. PAG, aina nyingine ya oili, ni bora kwa mfumo uliozaliwa na R-134a au uliosafishwa kabisa, na lazima uchukue unene uliotajwa na mtengenezaji wa kompresa: 46, 100 au 150. Zote mbili hufyonza unyevu kutoka hewani, kwa hiyo usinunue kopo lililofunguliwa hata kwa nusu bei.

Gesi ijazwe kwa mizani. Anza na asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye stika: gari lililokuwa likichukua kilo moja linahitaji gramu 800 hadi 900. Mafundi wa zamani walizoea kujaza huku wakitazama kijioo cha juu ya draya mpaka mapovu yaishe. Kwa R-134a mazoea hayo huishia kwenye kujaza kupita kiasi, na presha inapaa tena.

Nafasi ya pili: R-12 iliyosafishwa upya

Kuna mtu mmoja ninayemshauri abaki na R-12: mwenye gari la kutunzwa kama lilivyotoka kiwandani, ambalo mfumo wake hauvuji na unahitaji kuongezewa kidogo tu. Hakuna gesi inayoufaa mfumo huo zaidi. Lakini inayopatikana sasa ni akiba ya zamani au iliyokusanywa na kusafishwa, bei yake iko juu, na nchi nyingi huruhusu wenye leseni pekee kuinunua. Kuimwaga kwenye mfumo unaovuja ni kuunguza fedha na kutoboa ozoni kwa mpigo. Kopo lisilo na cheti cha usafi liache hapo lilipo.

Nafasi ya tatu, kwa mbali: R-1234yf

Hii ndiyo gesi ya magari mapya. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa vitendo kwa kanuni inayotaka kila gari jipya kuanzia 2017 litumie gesi yenye kiwango cha kuchangia joto la dunia kisichozidi 150, na R-1234yf iko chini sana ya hapo. Kwa gari la zamani haina faida inayoonekana. Presha zake zinakaribiana na za R-134a, kwa hiyo haitakupa baridi zaidi, bei yake ni kubwa mno, midomo yake ni tofauti, na inaweza kuwaka kidogo ilhali gari lako halikuundwa kwa tahadhari hiyo. Gari lililozaliwa nayo libaki nayo.

Za kuacha dukani

Gesi za propani na isobutani, zinazouzwa kwenye makopo madogo kwa majina ya kuvutia, ndizo zenye hoja ngumu kuliko zote ninazozikataa. Kwa upoozaji ni nzuri kweli: zinakubaliana na oili ya madini, presha yake inafanana na ya R-12, na uzito unaohitajika ni kama theluthi moja tu. Wauzaji huongeza kwamba friji ya nyumbani nayo hutumia isobutani, na ni kweli. Ila kompresa ya friji imefungwa kwa kulehemu pamoja na mota yake, na gesi yake ni kiasi kidogo mno. Kompresa ya gari inazungushwa na mkanda, shafti yake inapita kwenye sili inayochakaa, kondensa imekaa mbele kabisa inapogongwa, na evapureta iko nyuma ya dashibodi, hewa yake ikipulizwa usoni mwako. Marekani imekataza gesi hizi kuchukua nafasi ya R-12 kwenye magari. Halafu kuna fundi anayefuata, atakayefungua mfumo akidhani ni R-134a huku akiwa na moto wa kulehemu mkononi.

Mchanganyiko kama R-406A una R-22 (gesi ya AC za majumbani) ndani yake, ambayo hupenya na kuharibu hozi za kawaida. Ukivuja, gesi zake hazitoki kwa uwiano mmoja, kwa hiyo unaobaki si ule ulionunua. R-22 yenyewe ikiwa tupu isikaribie gari kabisa: kwenye nyuzi 50 presha yake ni kama psi 265.

Kemikali za kuziba uvujaji, hata zikiwa ndani ya kopo la R-134a halisi, ziache pia. Huganda zinapokutana na unyevu, na hazichagui kati ya tundu na valvu.

Kuukagua mtungi

Gesi bandia ipo, na mbaya kuliko zote ni yenye R-40, yaani kloridi ya methili. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua wafanyakazi, na chanzo kilikuwa gesi ya namna hiyo iliyouzwa kama R-134a. Ikikutana na alumini, ambayo imejaa kwenye AC ya gari, hutengeneza kemikali inayowaka ikigusa hewa tu.

Rangi ya mtungi si ushahidi. Uache mtungi ukae kivulini saa kadhaa hadi ulingane na joto la chumba, kisha ufunge geji. Kwenye nyuzi 25, R-134a safi husoma karibu psi 82. Ikipishana sana, usinunue. Ikilingana bado usifurahi mapema, kwa kuwa waghushi huchanganya gesi makusudi ili presha ilingane. Kifaa cha kutambua gesi ndicho kinachoamua.

Baada ya kazi, bandika stika mpya juu ya ile ya zamani: jina la gesi, gramu zilizoingia, aina ya oili na tarehe. Na R-12 iliyotolewa iingie kwenye mtungi wake, isiachiwe hewani. Wapo wanaoitafuta, nao wataitaka ikiwa haijachanganyika.