Duka la vitabu vya dini, Nyawera: Biblia moja kwa nyumba yenye makanisa mawili

Mimi ni Mprotestanti, bwana yangu ni Mkatoliki, na kila mara tukisoma pamoja jioni, Biblia zetu mbili hazikusema kwa maneno yaleyale. Wenye ndoa kama yetu hapa Bukavu wananielewa. Basi ninawashauri hili duka dogo la Nyawera.

Mama anayeuza hakuniuliza ninasali wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mbele yangu Biblia Habari Njema, tafsiri iliyofanywa kwa ushirikiano wa makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Zilikuwa nakala mbili: moja ina vitabu vya Deuterokanoni, vile vilivyo katika Biblia ya Wakatoliki lakini si katika ya Waprotestanti, nyingine haina. Alinifungulia Tobiti, kimoja cha vitabu hivyo, akaniacha nisome nikiwa nimesimama, hakunikimbiza. Halafu Yohana 17:21, pale Yesu anapoomba wafuasi wake wote wawe kitu kimoja. Nilichukua ile yenye Deuterokanoni. Sasa tunasoma ukurasa mmoja, na hilo kwangu ni kubwa kuliko mahubiri mengi ya umoja niliyosikia.

Rozari zinaning'inia juu kabisa ya vitabu vya nyimbo vya kwaya zetu. Nilipenda sana kuona hivyo.

Kasoro: Biblia zenye herufi kubwa kwa wazee hazikuwepo, na noti ya dola ikiwa na mpasuko hata kidogo inakataliwa. Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo ni Januari 18 hadi 25. Parokia na vikundi vinavyotaka nakala nyingi viagize mapema.