Miezi mitatu ya kujifunza kuanguka: tathmini ya darasa la judo la Shangani, Mtwara

Nilipojiandikisha katika darasa la judo linalofanyika jioni kwenye ukumbi wa kukodi huku Shangani, Mtwara mjini, sikuwa na nia ya kumpiga mtu mwereka wala ya kushindania mkanda. Mwaka uliotangulia niliteleza kwenye kibaraza cha nyumba yetu baada ya mvua, nikatanguliza mkono wa kulia ili kujikinga, na uzito wote wa mwili ukaishia kwenye kiganja kimoja. Kifundo kilivunjika, nikafungwa plasta ngumu (POP) kwa wiki sita, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo wiki sita hizo niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto mbele ya watoto waliokuwa wakinionea huruma. Nilichokitafuta tangu hapo ni mahali ambapo mtu mzima anaweza kufundishwa kuanguka, na baada ya miezi mitatu ya ada naweza kusema kwamba nimepapata, ingawa yapo mambo ambayo mwalimu anapaswa kuyarekebisha haraka.

Sifa kubwa ya darasa hili ni subira. Kwa wiki sita za mwanzo hakuna mwanafunzi mpya anayerushwa na mwenzake. Anaanguka mwenyewe, kutoka chini kwenda juu, akianza amelala, kisha amekaa, kisha amechuchumaa, na mwisho amesimama. Kaka yangu aliwahi kujiunga na klabu moja katika mji mwingine alipokuwa kijana, akabwagwa siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa chochote, na akatoka na mtulinga uliovunjika. Ndiyo maana nilipomsikia mwalimu wetu akimwambia kijana mmoja mwenye pupa, "Mwanangu, hapa hutamwangusha mtu mpaka nijue kwamba wewe mwenyewe ukiangushwa utasimama," nilijua kwamba nimefika nilipotaka.

Maanguko tunayofundishwa yana majina ya Kijapani, lakini mwalimu huyaita pia kwa maneno yetu, na kwa kweli Kiswahili kilikuwa nayo tayari: chali, kiubavu na kifudifudi. Jina la jumla ni ukemi, maana yake kupokea kwa mwili, na mwalimu hulirudia neno hilo la kupokea kila siku, kwa sababu anataka tuache kupigana na sakafu. Judo yenyewe ilianzishwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji, kwenye chumba cha mikeka 12 tu. Sisi tunayo 24, kila mmoja wa mita 1 kwa mita 2, na pembeni pameongezwa magodoro yaliyofunikwa turubai. Mikeka halisi ya judo huwa migumu kuliko mgeni anavyotarajia. Awali nilidhani ni ubahili, lakini nilipokanyaga godoro la pembeni na mguu ukazama mpaka kifundo kikapinda kidogo, nilielewa kwamba ulaini uliozidi nao huumiza.

Katika kuanguka chali, kitu cha kwanza kulindwa ni kisogo. Mwalimu hukunja leso ndogo, akaiweka kati ya kidevu na kifua cha mwanafunzi, kisha anamwambia aanguke huku macho yake yakitazama fundo la mkanda wake. Leso ikidondoka, maana yake shingo ililegea na kichwa kilikuwa njiani kuelekea sakafuni. Yangu ilidondoka mara nyingi kiasi kwamba binti wa miaka tisa aliyekuwa jirani yangu alianza kuniokotea bila kuambiwa. Ilinichukua wiki mbili nzima kabla ya kubaki mahali pake, na nathubutu kusema kwamba leso ile ndiyo kifaa cha maana kuliko vyote vilivyomo ukumbini.

Kisha ni mikono. Mgongo unapogusa mkeka, mikono yote miwili hupiga chini kwa wakati huohuo, viganja vikitazama chini, ikiwa mbali na ubavu kwa nyuzi 30 hadi 45 hivi. Ukiipandisha hadi usawa wa mabega, bega ndilo linaloumia. Ukiibana sana, unaangukia kiwiko. Kipigo hicho husambaza nguvu ya anguko kwenye eneo pana badala ya kuiacha itue kwenye mfupa mmoja, na kina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi: mkono uliozoea kupiga chini ukiwa umelala wote hauna tena tabia ya kujichomeka kama nguzo. Masikio hujifunza kabla ya mwili. Anguko zuri hutoa mlio mmoja mkavu, paa, huku pumzi ikitoka. Anguko baya hutoa milio miwili au mitatu inayofuatana, na mwalimu huweza kukosoa akiwa amekupa mgongo.

Kubingirika ndiko kulikonitesa. Wengi wetu tuliokulia pwani tumepiga kichwangomba mchangani tangu utotoni, na tunadhani kwamba tunajua. Kichwangomba hupita juu ya kichwa na kufuata uti wa mgongo ulivyonyooka, pingili kwa pingili, jambo ambalo mchanga wa ufukweni husamehe na sakafu haisamehi. Kubingirika kwa judo hupita mshazari: ukingo wa mkono wa kulia upande wa kidole cha mwisho, kigasha, nyuma ya bega la kulia, halafu mgongo unakatwa kwa mshazari hadi nyonga ya kushoto, na kichwa hakigusi chini hata kidogo. Kuelewa kulinichukua dakika tano, lakini mwili wangu ulikataa kwa mwezi mzima, kwa sababu kila nilipokaribia chini mkono ulikunjika na ncha ya bega ikagonga.

Jioni moja mwalimu aliniomba chaki kutoka kwenye mkoba wangu wa shule, akamwita mke wake, ambaye ndiye anayewasimamia wanawake, naye akanipaka mstari mnene wa chaki mgongoni, kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Nikabingirika, kisha tukainama wote watatu kuutazama mkeka. Palikuwa na alama nyeupe mbili tu: doa moja la ncha ya bega na doa jingine la kiunoni, na kati yake hakuna kitu. "Mama, hukubingirika," mwalimu alisema kwa upole, "umeanguka mara mbili." Sikuwahi kuonyeshwa kosa langu kwa uwazi kama huo, nami nimekuwa mwalimu kwa miaka 16. Tulirudia nikiwa nimepiga goti, kisha nikiwa nimechuchumaa, na siku nilipoacha mkekani mstari mmoja mrefu usiokatika niliutazama kwa muda kabla ya kukubali ufutwe.

Jambo jingine linalonifanya niwaamini walimu hawa ni kwamba hawatudanganyi kuhusu saruji. Mwalimu alitueleza wazi kwamba kupiga mkono kwa nguvu zote kwenye barabara ya lami au kibarazani kutauumiza mkono wenyewe, na kwamba huko nje kinachookoa zaidi ni kidevu kilichobanwa, kujishusha chini mapema na kuugeuza mwili uwe duara. Mwanafunzi mwenzetu ambaye ni dereva wa bodaboda aliuliza kama mazoezi haya yatamsaidia akianguka na pikipiki, akajibiwa kwamba yatamsaidia kidogo kwenye mwendo mdogo, na kwamba helmeti haina mbadala. Jibu hilo lilinipa imani kuliko sifa yoyote ambayo wangeweza kujipa.

Sasa dosari, na naziandika kwa sababu watoto wetu wamo humo. Mikeka ya mstari wa mwisho husogea, ikaacha nafasi ya kutosha kuingiza kidole gumba cha mguu, na mtoto mmoja alikwishakwama hapo akiwa katikati ya kubingirika. Fremu ya mbao kuzunguka mikeka yote ingemaliza tatizo hilo, na mafundi seremala tunao. Pili, siku za Jumamosi watoto na watu wazima walikuwa wakibingirika kwenye mkeka mmoja wakielekeana, na mwili wa kilo 80 ukimkuta mtoto wa kilo 25 hakuna ustadi wa kuanguka utakaomsaidia. Tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ukumbi hauna sanduku la huduma ya kwanza wala utaratibu ulioandikwa wa kufuata mtu akigonga kichwa. Mwanafunzi aliyegonga kichwa anapaswa kutolewa mkekani siku hiyo hata akisema yuko sawa, na akianza kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganyikiwa au kuumwa kichwa kunakozidi, apelekwe hospitali bila kusubiri kipindi kiishe. Hospitali ya Ligula haiko mbali. Nilipomweleza mwalimu, alinisikiliza bila kukasirika, na tayari ametenganisha zamu za Jumamosi. Vilevile ameahirisha kuwafundisha wapya osotogari, mwereka wa kumfyeka mtu mguu na kumwangusha chali, ambao unajulikana kwa kuwaumiza vichwa wanaoanza. Sanduku na fremu bado tunavisubiri.

Kwa wanaotaka kujiunga, ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi kwa mtu mzima na 20,000 kwa mtoto, na mwezi wa kwanza hulazimiki kununua judogi, yaani vazi la judo. Suruali ya mazoezi na fulana nzito ya mikono mirefu vinatosha. Vipindi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kuanzia saa 10 na nusu jioni, na huisha mapema ili wanaoswali Magharibi wawahi. Wanawake hufanya mazoezi ya wawili wawili na wanawake wenzao, na hijabu inaruhusiwa mradi iwe ya kuvuta isiyo na pini, kwa kuwa pini ni hatari kwa mvaaji na kwa mwenzake. Kata kucha, na nawa miguu kwenye bomba la nje hata kama umekuja na viatu, kwa sababu mchanga wa Shangani ukiingia kwenye mikeka huchuna ngozi ya viwiko kama msasa. Mwenye mimba, mwenye bega lililowahi kuteguka au mwenye mifupa dhaifu amuone daktari kwanza, na amweleze mwalimu kabla ya kukanyaga mkeka.