PariDroid: namba ya tarakimu 21 imepasuka kabla chai haijapoa

Mimi nafundisha tyusheni ya hesabu, kidato cha tano na sita, sasa wiki iliyopita dogo mmoja kaniuliza, ticha, namba ndefu kama tokeni ya LUKU unajuaje kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe? Nikajifanya mjanja, nikatoa kalkuleta yangu ya hela ndefu (jina naliacha), nikaandika 2 kipeo cha 67 ikaleta 1.475739526 mara 10 kipeo cha 20. Nikatoa 1. Jibu lilelile! Yaani ile moja imemezwa, tarakimu za nyuma huzioni, na ukiiambia ipasue vigawo inakuletea error tu. Dogo ananiangalia.

Jioni nikashusha PariDroid, ndo PARI/GP ya simu za Android, programu ya hesabu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Bordeaux huko Ufaransa, bure, na ukishaiweka haikuombi bando. Nikaandika factor(2^67-1), nanyanyua kikombe hivi, jibu limeshakaa: 193707721 na 761838257287. Zizidishe unapata 147573952589676412927, zote 21 zimetimia, moja tu zaidi ya tokeni.

Na namba yenyewe ina kesi ya siku nyingi. Mersenne, mtawa wa Kifaransa, mwaka 1644 alisema ni tasa, watu wakakaa nayo hivyo mpaka mwanahesabu Lucas 1876 akaonesha si tasa, ila vigawo vyake hakuvitoa, vikaja kutolewa na mwanahesabu Cole wa Marekani 1903, kwa mkono! Inasimuliwa kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Mimi chai.

Ila kilichoniuza kabisa ni kwamba unaweza kuihoji namba. Kuna kanuni kwamba kigawo tasa chochote cha 2^67-1 ukikitoa 1 lazima kigawanyike kwa 134, mi nilikuwa naifundisha kimdomomdomo tu. Nikaandika (193707721-1)/134, ikaja 1445580 kavu, bila baki. Kesho yake nikawaonesha darasani, kelele zake mngezisikia.

Sasa mabaya. Haina vitufe vya kupendeza, unaandika amri, tena za Kiingereza, ukisahau kufunga mabano imekula kwako. Ukiuliza isprime (amri ya kupima kama namba ni tasa) inakujibu 0 au 1 basi, mgeni atabaki anajiuliza 0 ndo nini (ni "si tasa"). Halafu nikaichokoza, nikazidisha namba tasa mbili za tarakimu 40 kila moja nikasema haya pasua, simu ikachemka kama pasi ya mkaa nikaikatisha mwenyewe. Hilo siihesabii kosa lakini, kuzidisha ni rahisi kurudi nyuma ndo shughuli, ile RSA-129, namba ya tarakimu 129, ilitangazwa kama changamoto 1977 ikaja kupasuliwa 1994 na kompyuta lukuki za watu wengi, sembuse kisimu changu.

Nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa sababu kialama cha ^ kwenye kibodi ya simu yangu kimejificha ukurasa wa pili na unakihitaji kila dakika.

Dogo naye kaja na tokeni ya kwao kwenye karatasi tuipime. Inaishia na 4.