Kozi za mtandaoni kwa anayeomba uzamili au PhD ya uchumi: ulipie ipi kwanza

Mtu aliyesoma biashara, sosholojia au ualimu, na sasa anataka kwenda kusomea uchumi Ulaya au Marekani, mara nyingi hutafuta kozi yenye jina la chuo kikubwa, akalipia cheti na kukiweka kwenye CV. Hela hiyo ingemsaidia zaidi kwingine. Ushauri wangu: anza na hisabati, na ulipie alama itakayoingia kwenye transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama inayotolewa na chuo, kabla ya kulipia cheti chochote.

Ukizitazama fomu utaelewa kwa nini. Vyuo vingi vya Marekani vyenye PhD ya uchumi humtaka mwombaji aorodheshe masomo ya hisabati na uchumi aliyosoma: jina la somo, kitabu kilichotumika, alama aliyopata. Wanatafuta kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki na vekta, probabiliti na takwimu. Kwa PhD wanaangalia pia kama umewahi kusoma hisabati ya kuandika uthibitisho, yaani kuonyesha hatua kwa hatua kwa nini kanuni ni kweli. Cheti cha "amemaliza kozi" hakina cha kujaza kwenye safu ya alama.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa kozi ya hisabati yenye krediti (inayohesabiwa rasmi kama somo la chuo), inayotolewa na chuo kinachotambulika. NetMath ya Chuo Kikuu cha Illinois ni mfano mzuri: unasoma kwa mwendo wako, unafanya mtihani unaosimamiwa, na alama inaingia kwenye transkripti ya chuo. Harvard Extension School nayo ina kozi za namna hii, kwa ada kubwa zaidi. Gharama ndiyo kikwazo, maana kozi moja huweza kupita dola 1,000. Ndiyo maana, kabla hujatoa hata senti, nenda kwenye idara ya hisabati ya chuo kilicho karibu nawe ukaulize kama wanapokea mwanafunzi wa somo moja. Wakikupokea, utapata alama rasmi, na pia mhadhiri aliyekuona ukihangaika na maswali, anayeweza kukuandikia barua ya mapendekezo yenye maneno ya kweli. Barua hiyo huwezi kuipata kwenye video.

Ya pili ni MicroMasters ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, kuhusu data, uchumi na sera: mfululizo wa kozi za mtandaoni za kiwango cha uzamili. Kati ya programu zote za mtandaoni zisizo za shahada, hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Abhijit Banerjee na Esther Duflo wanafundisha humo. Hao ndio walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, ambaye utafiti wake wa dawa za minyoo ulifanyika katika shule za Busia, Kenya. Kijana aliyewahi kukusanya data vijijini kwa dodoso ataona kazi yake ikipewa msingi: kwa nini kuna kundi linalopata huduma na jingine la kulinganishia, sampuli iwe kubwa kiasi gani, ukweli unapotea wapi. Ada hupangwa kulingana na kipato chako, mitihani inasimamiwa, na anayepata cheti anaweza kuomba shahada ya uzamili ya MIT kwenye fani hiyo hiyo, hata kama hana shahada ya kwanza. Ila kozi ya uchambuzi wa data iliyo ndani ya programu hiyo ni ngumu. Usiiingie kama kalkulasi imeshakutoka kichwani.

Ya tatu ni ya bure, na wengi wanaidharau: MIT OpenCourseWare, tovuti ya MIT yenye video na maswali ya masomo yake. Haitoi cheti wala alama, lakini ndiyo maandalizi bora ya hizo mbili za juu. Chukua somo la 18.06, aljebra ya matriki na vekta, la mwalimu Gilbert Strang. Mhadhara wa kwanza unaanza na milinganyo miwili tu, 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Anaichora kwanza kama mistari miwili inayokutana, kisha anaichora upya kama vekta zinazojumlishwa kufikia jibu moja: x = 1, y = 2. Ukiuelewa mchoro wa pili, ekonometriki, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi, haitakutisha tena. Pakua video ukiwa na Wi-Fi na ufanye maswali yote kwa kalamu.

Mwisho kabisa naweka vyeti vya kozi fupi za majukwaa ya mtandaoni kama Coursera na edX. Nyingi zina walimu wazuri, na kama unaweza kuzisikiliza bila kulipa, zisikilize. Kulipia cheti kwa ajili ya ombi la PhD sioni faida yake. Kwa uzamili wa sera au maendeleo, kozi moja ya R au Stata, programu za kompyuta za kuchambua takwimu, inaweza kuonyesha kwamba unaweza kushika data, basi.

Kabla ya kulipa, andikia ofisi ya kozi uulize maswali matatu: je, mnatoa transkripti rasmi, mtihani unasimamiwa vipi, na naweza kurudishiwa ada hadi lini? Kama mtihani ni wa kamera, panga mahali penye umeme wa uhakika na bando la akiba. Maombi mengi ya PhD Marekani hufungwa Desemba, kwa hiyo kozi ianze mapema mwaka huo huo, ili alama iwe imetoka kabla hujabonyeza kutuma.