Uzoefu wangu: siku daktari wa mnunuzi alipokuja kumpima farasi wangu

Mwezi wa Februari nilimuuza Radi, farasi wangu wa miaka 9 aliyekimbia misimu mitatu pale Ngong Racecourse kabla sijamchukua. Mnunuzi ni mama mmoja wa Limuru, alikuwa anamtafutia binti yake farasi wa kupanda wikendi na kuruka viunzi vya chini. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza alisema ataleta daktari wake wa mifugo ampime. Rafiki zangu wawili wanaofuga farasi waliniambia nikatae. Walisema daktari wa mnunuzi hutafuta kasoro mpaka aipate, bei ishuke. Mimi nilikubali palepale, na nina sababu.

Miaka sita iliyopita nilinunua jike bila kumpimisha. Siku niliyokwenda kumwona alitembea vizuri kabisa, shingo juu, miguu myepesi. Hata wiki haikuisha akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Daktari wangu alipomwangalia alisema kwato ile ina tatizo la muda mrefu, na kwamba huenda siku ile alikuwa amepewa dawa ya maumivu, ile ya unga inayochanganywa kwenye chakula. Muuzaji hakupokea simu yangu tena. Yule jike sikumpanda hata mara kumi, lakini nilimlisha na kumtibu miaka minne. Sikutaka mama wa Limuru apitie hayo kwa mkono wangu.

Daktari alifika saa mbili asubuhi. Alikuwa ameshaniagiza kwa simu kwamba Radi asipandwe siku hiyo, abaki bandani ametulia, kwa sababu anataka kumsikiliza moyo kabla haujachangamka. Utaratibu wake ni ule wa hatua tano unaotumika Uingereza, na ulichukua karibu saa mbili na nusu, ukiacha muda tuliopoteza, nitausema baadaye.

Kwanza alifungua pasipoti ya farasi akalinganisha baka jeupe la paji la uso na vizingo vya nywele vya shingoni na michoro iliyomo. Kisha moyo, pande zote mbili za kifua, kimya, muda mrefu. Mapigo 36 kwa dakika. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Akainua mdomo wa juu, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akaangalia wekundu unarudi upesi kiasi gani. Akafunga milango ya banda giza liingie, akammulika macho kwa tochi. Meno. Mgongo, pingili kwa pingili. Kwato akazibana moja moja kwa koleo kubwa, huku anamtazama farasi usoni kuona kama atashtuka.

Ndipo akaniuliza maswali, na majibu yangu akayaandika mbele yangu. Amewahi kuumwa tumbo? Amefanyiwa upasuaji? Anakohoa? Ana tabia ya kung'ata mbao na kuvuta hewa? Nilimwambia ameugua homa ya kupe mara mbili, tarehe zimo daftarini pamoja na chanjo zake za ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na usubi. Nikamwambia pia kwamba msimu wake wa mwisho wa mbio alivimba kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma wa kushoto, akapumzishwa. Saisi wangu, mtunza farasi, alinitazama kwa mshangao. Hilo lilitokea kabla hajawa wangu, na kwa macho halionekani. Ningeweza kulinyamazia.

Hatua ya pili ilitukwamisha. Farasi anatakiwa atembezwe na kukimbizwa troti, yaani mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu na tambarare, na kwangu ni murram yenye mawe. Daktari alikataa katakata, akasema akichechemea hapo hatajua ni mguu au ni jiwe. Tulizunguka karibu saa nzima mpaka jirani akaturuhusu kutumia uwanja wake wa saruji wa kuegesha magari. Kosa langu hilo. Aliuliza kwenye simu kama nina ardhi ya namna hiyo na mimi nikajibu bila kufikiri.

Pale kwenye saruji ndipo moyo wangu ulipodunda. Daktari alikuwa akiukunja kila mguu, anaushikilia umekunjwa dakika nzima, anauachia na farasi anaondoka troti papo hapo. Miguu mitatu haikuwa na neno. Mguu wa nyuma wa kushoto ulipoachiwa, Radi alichechemea hatua nne, tano, kisha akanyooka. Mlio wa kwato kwenye saruji ulikuwa umebadilika kabla hata jicho halijaona. Daktari akanigeukia: "Ndio huu ulioniambia?" Nikasema ndio. Akamwambia mama palepale kwamba hilo linalingana na maelezo ya mwenye farasi, na kwamba angeshauri ipigwe picha ya eksirei.

Hatua zilizobaki zilikwenda haraka. Saisi alimpanda kama dakika ishirini, mpaka shoti, yaani mbio za kasi, daktari anasikiliza kama pumzi inatoa mngurumo, kasoro inayowapata baadhi ya farasi wa mbio kwenye koo. Pumzi ilikuwa safi. Akapumzishwa nusu saa, moyo ukasikilizwa tena, akakimbizwa troti mara ya pili kwa sababu ukakamavu wa viungo mara nyingi hujificha hadi mwili upoe. Mwisho akatolewa damu. Uingereza damu hiyo huhifadhiwa miezi 6, ili farasi akibadilika baada ya kuuzwa iweze kupimwa kama alikuwa na dawa mwilini. Nilipoona kile kichupa kinaandikwa jina nilimkumbuka jike wangu. Kingekuwapo wakati ule, ningekuwa na pa kuanzia.

Picha zilionyesha kingo zilizokwaruzika kwenye viungo vidogo vya chini vya sehemu ile. Daktari hakusema amefaulu wala ameanguka, na hili ndilo wauzaji wengi hatulielewi. Alisema kwa kazi ya binti huyu anafaa, kwa mashindano ya kuruka juu hafai, na kiungo kitahitaji kuangaliwa. Nilishusha bei kwa shilingi 40,000. Mama akamchukua.

Malalamiko ninayo. Ripoti ilichelewa siku nne, na ilipofika ilijaa istilahi kiasi kwamba mama alinipigia mimi nimfafanulie. Nilikataa, nikamwomba ampigie daktari, maana muuzaji hawezi kuwa mfasiri wa ripoti ya farasi wake mwenyewe. Ada ile si ndogo, na picha hulipiwa mbali. Anayelipa anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Ripoti pia ni mali ya mnunuzi, kwa hiyo nakala yangu niliipata kwa hisani ya mama.

Kwa anayeuza: usimtumie daktari wako wa kila siku, kwa sababu anakula kwako. Mwambie tu atoe kumbukumbu za matibabu. Viatu vya chuma vibadilishwe wiki moja kabla, visiwe vya jana yake. Na lolote unalolijua kuhusu mguu, liseme kabla haujakunjwa.

Nina jike ninayetaka kumuuza baada ya masika. Jirani wa uwanja wa saruji nimeshamwomba ruhusa, na saisi kila asubuhi anamzoesha kuinuliwa miguu ya nyuma na kushikwa dakika nzima.